Mitambo Iliyopata Mkalimani, Rusimbi

Mgeni rasmi, viongozi wa dini, watumishi wenzetu, nanyi mama zetu mliokuja na watoto: shikamooni, na kwa wa kwetu, kwa Kiha, mwakeye.

KARIBU
Mimi ni Melania, muuguzi wa wodi ya watoto wachanga. Ninasoma kwa niaba ya watumishi wote wa Hospitali ya Mwambao. Mgeni rasmi, tumefurahi mno kukuona. Umekuja kuzindua kisanduku kilichofungwa ukutani, chumba cha mitambo. Utakiona ni kidogo. Usivunjike moyo.

TULIKOTOKA
Wakimbizi walipoanza kuvuka ziwa kutoka Burundi, tulipata wagonjwa wengi na wafadhili wengi. Mmoja alitupa jenereta, mwingine chumba cha baridi cha chanjo, wa tatu vipasha joto vya wodi yangu. Kila mtambo ulikuja na lugha yake ya kutuma taarifa, na kompyuta ya ofisi ya ufundi ilielewa jenereta tu. Siku moja chumba cha baridi kilizimika, kompyuta ikaendelea kuonyesha kuwa mambo ni shwari. Chanjo zikaharibika. Akina mama waliotembea kutoka mbali tukawarudisha, watoto mgongoni. Siku ile hatukuweza kutazamana usoni.

TULICHOFANIKIWA
Injinia Joanitha, aliyehamishiwa kwetu kutoka Bukoba, aliomba kifaa cha kupokea taarifa za kila mtambo na kuzigeuza ziwe lugha moja inayoeleweka na kompyuta. Sisi tunakiita mkalimani. Kilipofungwa, jenereta na vipasha joto vilisomeka vizuri, ila chumba cha baridi kilileta namba za ajabu: digrii arobaini, na ndani kuna baridi! Injinia akasikia kwamba katika kambi ya wakimbizi yupo fundi aliyewahi kuhudumia mashine za aina ile Bujumbura. Akamwombea kibali cha kufanya kazi nje ya kambi. Ndipo akaja Nikodemu.

"Ni nne, si arobaini," Nikodemu alisema. "Mashine hii haijui nukta ya desimali. Huzidisha kwa kumi ndipo itume."

"Basi mkalimani naye agawanye kwa kumi," Injinia akajibu, akabonyeza vitufe, nne ikatokea. Wakacheka kama watu waliokua pamoja.

Mvua zilizopita, umeme ulikatika mchana. Jenereta likawaka, lakini vipasha joto vya wodi yangu havikurudi. Zamani tungejua kwa kugusa watoto waliokwisha kupoa. Safari hii kengele ililia ofisi ya ufundi, na Injinia akaja mbio: "Dada Melania, watoto vifuani!" Tukawalaza ngozi kwa ngozi, mama wa kijijini Ilagala ubavuni mwa mama wa kambini, huku Nikodemu akihangaika na swichi mpaka joto likarudi. Watoto wote walikwenda nyumbani salama. Mmoja yuko hapa, huyo anayelia. Mwacheni alie.

CHANGAMOTO
Kibali cha Nikodemu cha kuwa nje ya kambi kinaisha mwezi huu. Hatumlaumu mtu, ndivyo utaratibu ulivyo. Mafundi wetu Hamdani na Oswald wanajitahidi, lakini bado wanajifunza. Pia, tangu habari hiyo ifike, Injinia Joanitha hanywi tena chai nasi kantini. Anaipeleka chumba cha mitambo, na vikombe vinavyorudi ni viwili.

MAOMBI
Tunaomba betri ya akiba kwa ajili ya mkalimani, ili umeme ukikatika asizimike naye.

Kuhusu Nikodemu, tulimwuliza mwenyewe tuandike nini.

"Msiombe nibaki," alisema. "Mtaonekana mnataka makubwa. Ombeni nipewe muda nimalize kuwafundisha Hamdani na Oswald, kisha nitarudi kambini."

Tukamwuliza Injinia kama tuandike hivyo. Alifuta kioo cha kompyuta ambacho hakikuwa na vumbi. "Andikeni alivyosema," akatujibu, kisha akatoka nje.

Mgeni rasmi, tumeandika alivyosema. Lakini watumishi tulibaki mle ndani, tukakubaliana sote, Waislamu kwa Wakristo, kuomba lile ambalo Injinia hakulisema.

Mwenyezi Mungu akupe afya, akurudishe kwako salama, na ailainishe mikono yote itakayopitia ombi hili.

Ni sisi,
Watumishi wa Hospitali ya Mwambao,
Rusimbi, Kigoma