Taa za Bango Zizini

Noah yetu ya abiria ilipotoka Nyamongo, Mzee Nyamhanga alimgeukia kijana aliyevaa fulana ya kampuni ya mabango. "Wewe! Taa zenu zinamulika zizi langu mpaka asubuhi. Wezi sasa wanachagua ng'ombe kwa rangi."

"Shikamoo, baba. Kanuni zinataka bango likae mbali na barabara, na liwake usiku kucha."

"Marahaba. Hizo kanuni zimesema mimi nilale lini?"

"Andika barua, baba. Kikao cha malalamiko ni mwezi wa tisa," akajibu kwa upole wa mtu aliyelala vizuri.

"Sawa. Na wezi waandikie wewe, wasubiri kikao."

Gari likasimama mkabala na bango lenyewe: tangazo la magodoro, dada mmoja kalala fofofo, anatabasamu. Mzee akashuka, akamtazama.

"Huyu hana ng'ombe," akasema.