Marehemu Jibril, Msuka Koili, na Kaburi la Zulaika

Assalaam aleikum, wazee wetu, ndugu na majirani wa Namakwekwe, walio nyuma sogeeni, leo kipaza sauti tumekiacha Jinja kwa makusudi, na mimi Magid, mdogo wa marehemu, nimejaliwa koo la kuita ng'ombe wa kijiji kizima.

Marehemu Jibril alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 Walukuba, Jinja, akasoma huko huko mpaka darasa la saba, kisha akashika kazi ya kusuka upya koili, yale mafundo ya waya ya ndani ya mota, za mota zilizoungua, za vinu vya unga na za pampu, akawa fundi ambaye mota ikimwona tu inaona haya kuharibika. Kila aliyemfundisha alianza na somo moja, dira inawekwa kando ya koili, umeme unawashwa, mshale unageuka, umeme unazimwa, mshale unarudi kaskazini, naye anasema, "Umeona, bwana? Waya ukipitisha umeme ni sumaku, mshale utakudanganya."

Tarehe 5 Septemba 1987 alimwoa Zulaika wa hapa Namakwekwe, wakajaliwa binti mmoja, Habibah, na Zulaika akafariki tarehe 6 Agosti 2016, akazikwa hapa Mbale. Siku hiyo marehemu alikataa msaada, akafunga kipaza cha dua kwa mikono yake, akapima upande wa kibla kwa dira yake, kaburi likachimbwa. Baadaye, kipaza kile kikiwa mezani kwake kutengenezwa, aliona mshale wa dira ukikigeukia, akakumbuka kwamba makaburini alipima akiwa ameegemea kipaza hicho hicho, chenye sumaku na koili tumboni.

Tangu hapo hakutulia, kila mara alikuja Mbale na dira, ikamjibu vile vile, kaburi limepinda, akarudi Walukuba akisema anamsikia Zulaika akijigeuzageuza chini, kama mtu aliyelazwa kitanda kibovu. Shehe Muhammed alimweleza kwamba nia ilitosha, na maiti hafukuliwi kwa kosa la mshale, lakini wapi, hata Habibah alipomuuliza, "Baba, kwani Mungu hutafuta watu kwa dira?" alijibu, "Mungu anamwona, mama, ila mimi ndiye niliyemgeuza."

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua, akatibiwa Jinja, na jana, Jumanne tarehe 11 Februari 2025, alituacha, akiusia alazwe kando ya mkewe kwa mpindo ule ule, ili asimwache peke yake katika kosa. Wosia huo umetutesa, maana nani atamzika Mwislamu kombo kwa kusudi? Shehe amekataa, akapima mwenyewe, simu mbali, makoleo mbali, mshale usije ukadanganya tena.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake, na majirani mliopika na kulia nasi.

Mafabi, aliyechimba kaburi, amenijia sasa hivi na udongo miguuni, akaniambia, "Mzee, hili limenyooka, lile limepinda, kwa hiyo miguuni wameachana, lakini vichwa, vichwa vimekaribiana kabisa, kama watu wanaonong'onezana."

Basi nong'onezaneni, kaka, na mpumzike kwa amani.