Pampu Katika Sikio la Mke Wangu

Mheshimiwa Mganga Mkuu, madaktari na wauguzi, ndugu wageni waalikwa, na wewe muuguzi wetu wa kliniki ya masikio, Sista Masikio, tunayekuaga leo, hamjambo.

Nimeambiwa niseme kwa niaba ya mafundi. Mtanivumilia, nimechoka, na nilichobeba si sifa tupu, ni kosa langu.

Mnanijua, fundi wa jenereta hapa hospitalini. Jenereta ikigoma naweka bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, nasikiliza, naitaja beringi iliyokufa. Mnanisifu kwa hilo. Sasa mke wangu aliponiambia, "Baba watoto, kuna pampu inapiga sikioni mwangu, hebu sikiliza," nilifanya nini? Nilimjibu, "Kinachogonga kinadai oili," nikacheka, nikamtia mafuta ya uvuguvugu. Miaka minne aliniomba, miaka minne nilimwambia ni mawazo.

Siku moja aliniletea hapa kazini funguo nilizosahau. Sista akamwona anainamisha kichwa, akatuita ndani. Akaweka kipimo cha kusikilizia moyo nyuma ya sikio lake, akasikiliza, kisha akanivisha mimi. "Haya fundi, mashine hii ina nini?" Fuu, fuu, fuu, sambamba na mshipa wa mkono wake niliokuwa nimeushika.

Nyuma ya ngoma ya sikio kulikuwa na kitu chekundu kinadunda. Daktari akakataza kisichokonolewe, kingemwaga damu. Wakapima mkojo, kujua kama uvimbe huo unatoa homoni za kupandisha presha, hautoi. Wakapiga picha. Paraganglioma, jina nililolifanyia mazoezi wiki nzima. Si saratani, ila unakula taratibu mfupa unaoukalia. Wakaziba mishipa inayoulisha, kesho yake wakautoa.

Pampu imenyamaza. Sikio nalo limenyamaza, halisikii kitu. Daktari alisema tungewahi, huenda lingepona. Alisema bila kuniangalia. Sista ndiye aliyeniangalia.

Sista, unastaafu na hujawahi kunisema hata neno. Heri ungenisema.

Mama watoto yuko pale, kiti cha pembeni. Tulipoingia alikikataa cha mbele, akachagua kile, ili sikio zima linielekee. Analo moja, na hilo moja amenigeuzia mimi. Mimi nilikuwa nayo mawili.

Asante, Sista, kwa masikio yako. Nanyi nyote asanteni kwa kunisikiliza. Ni kitu kikubwa, sikukijua.