Siku Nilipoambiwa Nikalie Mikono

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa hospitali yetu, wakuu wa idara, wauguzi na watumishi wote, Mwalimu Mkuu uliyekubali kuiacha shule yako nusu siku, wazazi wenzangu, watoto wetu mnaonesanesa hapo mbele juu ya mipira, na wewe mstaafu wetu, Bi Bembea, ambaye leo umekatazwa kunyanyuka kumsaidia mtu yeyote: hamjambo nyote.

Nimepewa dakika tano. Mimi ni fundi cherehani, na mnatujua mafundi kwa ahadi za muda, kwa hiyo mnivumilie.

Nasimama kwa niaba ya wazazi ambao watoto wao wamepita katika kile chumba cha mwisho kwenye korido, chenye bembea, magodoro na mabeseni ya maharage makavu. Nilipoandikiwa mara ya kwanza niende huko, kwa mtaalamu wa tiba ya kazi, niliduwaa. Binti yangu wa miaka mitano, kazi gani tena? Bi Bembea, ndiye mtaalamu mwenyewe, alicheka, akanieleza kwamba kazi ya mtoto ni kucheza, kula, kuvaa, kuoga, kushika penseli. Na mwili wake ukizikataa kazi hizo, ndipo yeye anapoingia.

Na mwili wa binti yangu ulikuwa umezikataa karibu zote. Mshono wa nguo ukimgusa, analia kama kaungua. Mchanga hakanyagi. Watu wakipiga makofi, anaziba masikio na kukimbilia mvunguni. Anajikwaa kwenye sakafu tupu, na kijiko kinamponyoka. Ndugu zangu, fundi ningefanya nini? Nilishona. Nilimshonea magauni yenye mishono iliyogeuzwa nje, yasiyo na lebo, wala zipu, wala kifungo hata kimoja. Mpira tu kiunoni. Nikamlisha, nikamvika, nikambeba. Mama mkwe wangu, yupo pale ananitazama, alisema namdekeza. Mama mkwe habishiwi. Lakini moyoni nilikuwa na swali lililoninyima raha: siku mimi nisipokuwepo, nani atamvika?

Mwalimu Mkuu naye aliniambia kwa upole kwamba darasa lina watoto sitini na mwalimu mmoja, na sare ina vifungo vitano. "Akiweza kuifunga mwenyewe, mama, nafasi yake ipo." Niliondoka nimenuna siku ile. Samahani, Mwalimu.

Basi tukaingia kwa Bi Bembea. Akalishika gauni, akaugeuza upindo, akauliza, "Nani kashona hili?" Nikajibu kwa maringo kwamba ni mimi. "Mkono wako mzuri sana, dada yangu. Ila umeshona mpaka kazi ya mtoto." Kisha akamketisha binti yangu kwenye bembea, akaisukuma polepole, halafu akazika vifungo vikubwa ndani ya beseni la maharage na kumwomba avitafute. Mtoto akagusa harage moja, akaurudisha mkono. Nami nikaunyoosha wangu nimsaidie. "Mama," akasema bila hata kunitazama, "kalia mikono." Nilidhani ni msemo. Kumbe alimaanisha niweke viganja kitini na kuvikalia, nikavikalia kweli. Wazazi wenzangu, nani hapa hajaikalia mikono yake kwenye viti vile vya plastiki?

Sasa niungame jambo ambalo hata mume wangu hajalisikia. Baada ya miezi mitatu nilipewa kazi ya nyumbani: kushona kitambaa cha mazoezi chenye vifungo vitano na matundu yake. Nikakileta. Binti yangu akavifunga vyote mara moja, mimi nikatazama huku na huku kama mwenye ng'ombe aliyeshinda maonyesho. Bi Bembea akapitisha kidole kwenye tundu la kwanza, la pili, la tatu. Akanivuta pembeni.

"Haya matundu yamepanuliwa na nani?"

Nikasema nilitaka afaulu.

"Atafaulu hapa kwangu, halafu sare ya shule imuumbue mbele ya wenzake. Unamwonea huruma, au hujamwamini?"

Maneno yale yalinichoma, kwa sababu yalikuwa kweli. Sikuwa nimemwamini. Nilikifumua kitambaa kile na kukishona upya, na binti yangu akaanza tena kifungo cha kwanza.

Ilituchukua miezi tisa: bembea, maharage, kutambaa ndani ya boksi la friji, kukanda unga, kubana vibanio vya nguo. Asubuhi moja akavaa sare, akafunga vyote, akajitazama. Kimoja kilikuwa kimebaki juu bila tundu. Mimi nimekaa, mikono naikalia mpaka imekufa ganzi. Akasema, "Mama, nimeanza vibaya." Akavifungua vyote. Akaanza upya. Chai ilipoa, shule tulichelewa, na mimi nililia kwa furaha njia nzima.

Leo ana miaka kumi na mitatu. Bi Bembea, zawadi yako ni koti. Nimelikata mimi, nimelishona mimi, lakini vifungo sita kavishona yeye. Cha tatu kimekaa upande. Nilishika mkasi nikirekebishe, nikakumbuka kiti cha plastiki, nikauweka chini. Matundu nimeyatoboa mimi, na safari hii ni ya kipimo halali.

Ameomba akuvike na kukufungia mwenyewe, hapa, mbele ya watu wote hawa. Juma zima amekuwa akifanya mazoezi. Makofi bado yanamuumiza, na vidole vyake bado vina mwendo wao.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa heshima zote, na nyote mliomo ukumbini: asanteni kwa kunipa masikio yenu, sasa naomba na mikono yenu. Ikalieni. Ndiyo, Mheshimiwa, na wewe. Asipige mtu makofi, wala mtu asimwelekeze, hata akianza vibaya.

Njoo, mwanangu. Mimi narudi kitini kuikalia yangu.