Mpaka Mtu Aseme Tosha

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, ndugu wajumbe wa Baraza, wakuu wa vitivo, wahadhiri, wahitimu mliovaa majoho yenu mapya, wazazi na wageni waalikwa: nawasalimu nyote kwa heshima. Ofisi ya sherehe imenipa karatasi yenye mpangilio wa kuwataja, na nimejitahidi kuufuata. Nitaukosea mahali pamoja tu, tena kwa makusudi. Kwenye karatasi hii mama mkwe wangu hayumo. Amefichwa ndani ya wageni waalikwa. Mama, huko nyuma uliko, shikamoo.

Kwa wasionijua, mimi ni fundi wa vigae. Wengi wenu mmekanyaga kazi yangu bila kujua, maana korido ya idara ya hisabati niliipanga mimi. Ndipo nilipokutana na marehemu mke wangu. Alikuwa anatembea huku anasoma karatasi, akapita juu ya vigae ambavyo havijashika, akaacha alama ya kiatu chake pale katikati. Nikamwambia, "Dada, hukuona kamba?" Akanijibu, "Niliiona, nikadhani ni ya kukupimia wewe." Kigae kile niliking'oa siku ile ile. Yeye mwenyewe sikuweza kumng'oa moyoni, na mpaka leo sijaweza.

Leo chuo hiki kinamtunuku shahada ya uzamivu mtu ambaye hayupo. Alipaswa kusimama hapa yeye, na mimi nikae kule nyuma nikipiga makofi hadi viganja viwake moto. Badala yake mmenisimamisha mimi, ambaye hesabu yangu inaishia kwenye ndoo za simenti. Niseme nini kuhusu kazi ambayo hata kichwa chake siwezi kukisoma bila kukwama? Nimeamua kuwasimulia jambo moja, nalo ni dogo: nafasi kati ya herufi na herufi.

Tasnifu yake ilirudi kutoka kwa watahini ikiwa imefaulu, kwa sharti la marekebisho. Sharti lenyewe lilikuwa sentensi moja. Liliagiza kwamba nafasi kati ya nodi kwenye michoro irekebishwe, kwani majina ya baadhi ya mishale hayasomeki. Kwa sisi ambao hisabati ilituacha njiani, nieleze kama nilivyoelezwa. Mchoro wa aina hii ni herufi zilizosimama mbalimbali kwenye karatasi, na mishale inayotoka herufi moja kwenda nyingine. Herufi hizo ndizo nodi. Kila mshale una jina lake, na jina hilo huandikwa juu yake kwa maandishi madogo. Nodi zikibanana, mshale unakuwa kisiki na jina lake linampanda jirani. Zikiachana mno, mchoro unatoka nje ya ukurasa. Wala hauchorwi kwa mkono. Unaandikwa kwenye kompyuta kwa maneno na namba, kisha kompyuta inaupanga yenyewe. Ukitaka nodi ziachane unabadili namba, unasubiri, unatazama.

Watahini hawakukosea, na sikuja hapa kuwasema. Michoro ilikuwa imebanana kweli. Mke wangu, mtu aliyekuwa akipiga pasi hata kitambaa cha kufutia vyombo, aliibana kwa sababu alikuwa na haraka. Na alikuwa na haraka kwa sababu alijua jambo ambalo sisi tuliokuwa tukimtania kwa haraka yake hatukulijua.

Ripoti ile ya watahini ilimkuta wodini. Mikono ilikuwa imevimba, vidole vimekufa ganzi, hawezi kubonyeza kitu. Akaniambia, "Fundi, lete kompyuta. Wewe utakuwa vidole, mimi nitakuwa macho." Nikamwambia mimi sijui hisabati. Akasema, "Sijakuomba ujue. Nimekuomba ubadili namba."

Basi nikavuta kiti kando ya kitanda, nikaanza. Mchoro wa kwanza niliufanya mwenyewe, nikitaka kumshangaza. Nilitumia ujuzi wangu wote wa vigae. Nikazisogeza nodi zote karibu, mianya sawasawa, myembamba, imenyooka, kazi ambayo ningeipiga picha nikamwonyesha mteja. Nikamgeuzia kioo cha kompyuta. Akatazama, akacheka mpaka akakohoa, na muuguzi akaja kuuliza kuna nini. Kisha akanieleza kwa upole: "Wewe kwenye vigae, mwanya ni kitu cha kuficha. Unaubana, unauziba, mtu asiuone. Hapa mwanya ndiyo kazi yenyewe. Hizi herufi zimesimama tu. Hisabati yote iko kwenye mshale unaozipeleka, na wewe umeukata miguu."

Tangu hapo tukawa na utaratibu wetu. Mimi naandika namba, nasubiri, namgeuzia kioo. Yeye anasema, "Ongeza." Nageuza kwangu, naongeza, namgeuzia tena. "Ongeza kidogo." Mara nyingine, "Punguza, umenitolea mshale nje ya nyumba." Ukipanua safu moja, zote zilizo chini yake zinafuata, kwa hiyo tulikuwa tunatengeneza hapa na kuharibu pale, tunacheka, tunaanza upya. Halafu alikuwa anakaa kimya akitazama, na mimi namtazama yeye, mpaka aseme neno moja: "Tosha." Ndugu zangu, nimeoa, nimejenga, nimesifiwa na wateja wenye majumba makubwa, lakini sijawahi kulisubiri neno kama nilivyolisubiri lile.

Sasa nimfikie Mama. Mama, utanisamehe, lakini nilikuahidi kwamba nikisimama hapa sitasema uongo.

Mama mkwe wangu alikuwa anakuja wodini kila siku na chupa ya chai na kazi yake ya kufuma. Tangu nimwoe binti yake alikuwa akiniita baba, kama mama anavyomwita mkwe anayempenda. Alipoona kompyuta juu ya kitanda cha mgonjwa, akasema, "Baba, mtu akiumwa anapumzika. Wewe unamletea kibarua." Nikajaribu kueleza. Akamgeukia muuguzi: "Hebu muulize huyo kama mishale inatibu." Tangu siku hiyo hakuniita baba. Hakuniita chochote. Salamu yangu aliipokea akiangalia ukuta, na chai alinimiminia bila kunitazama, maana hasira yake haikuwahi kumnyima mtu chai.

Je, alikosea? Mimi mwenyewe, nikiwa njiani kurudi nyumbani, nilijiuliza maswali yale yale. Nilimwona mke wangu akichoka, macho yakifumba katikati ya mchoro, nami bado nimeshika kompyuta kama mtu aliyekuja kudai. Siku moja Mama alimwambia waziwazi: "Mwanangu, acha hicho kitu. Nani atakusoma?" Mke wangu akajibu taratibu: "Mama, nisipokimaliza, nitakuwa nimeteseka bure." Mama akainamia ufumaji wake. Ila nilimwona, kila nilipogeuza kioo, macho yake yalikuwa yanainuka.

Tulirekebisha michoro yote isipokuwa mmoja. Ule wa mwisho ndio mkubwa kuliko yote; msimamizi wa tasnifu aliniambia ndio unaoifunga kazi nzima, kwamba kurasa zote za nyuma zinatembea kuelekea pale. Mke wangu alikuwa ameniambia tutauanza akipata nguvu. Hakuzipata. Alifariki asubuhi, Mama akiwa ameushika mkono mmoja na mimi mwingine, na hatukutazamana.

Baada ya mazishi Mama alibaki nyumbani kwangu, kwa sababu hakuwa na nguvu za kusafiri na mimi sikuwa na nguvu za kukaa peke yangu. Watu wawili kwenye nyumba moja, kila mmoja anatembea kwa kunyata kama mwenzake amelala. Ndipo msimamizi akapiga simu. Akanipa pole, kisha akasema tarehe ya mwisho ya kupokea marekebisho imekaribia. Ikipita, kwa mwanafunzi aliyefariki hakuna kuongezewa muda. Jalada linafungwa, na shahada haitoki. Akasema kwa wema kabisa, "Niletee huo mchoro, nitaumaliza mara moja."

Sikuweza kumpa. Naomba mnielewe. Kwenye kabati kulikuwa na nguo zake, zimekwisha kazi. Viatu vyake vilikuwa mlangoni, havina wa kuvivaa. Kitu pekee duniani ambacho mimi na mke wangu tulikuwa bado tunakifanya pamoja kilikuwa ule mchoro. Nikimpa mtu mwingine, nitabaki na nini?

Nikakaa kwenye meza ya chakula mchana kutwa. Nikaandika namba, nikasubiri, na mkono wangu wenyewe ukageuza kioo upande wa pili wa meza. Upande wa pili kuna kiti kitupu. Nikaongeza. Hakuna aliyesema kitu, nikaongeza tena. Nodi zikaachana, mishale ikarefuka, mchoro ukatoka nje ya ukurasa. Nikarudisha, zikabanana. Siku iliyofuata hivyo hivyo. Msidhani sikuona mahali pazuri pa kusimama. Huenda nilipapita mara nyingi. Sikuwa na wa kuniambia. Na nikisema mimi mwenyewe kwamba imetosha, nilihisi nitakuwa nimemzika mara ya pili, safari hii kwa mkono wangu.

Tarehe ile ikiwa imebisha hodi, Mama alikuwa jikoni anaosha vikombe. Nilisikia maji yamefungwa. Akaja anajifuta mikono, akavuta kile kiti kilichokuwa kitupu, akakaa. Sikujua anataka kufanya nini. Akaishika kompyuta, akajigeuzia kioo, akavaa miwani. Akatazama sana.

Akasema, "Ongeza."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikaongeza. Akajigeuzia. "Hapo katikati umebana. Ongeza kidogo."

Nikamuuliza, "Mama, unauelewa huu mchoro?"

"Siuelewi hata mmoja," akasema. "Lakini nilikuwa nakaa pale. Jina la mshale lisimguse jirani, na mchoro usitoke nje ya nyumba. Unadhani nilikuwa nafuma tu? Punguza hapo chini."

Nikapunguza. Sauti ile, nyinyi hamkuijua, lakini ndiyo sauti ya binti yake, nzito kidogo, imekolea umri. Namna ile ile ya kuvuta mwisho wa neno. Niliendelea kubonyeza huku sioni vizuri. Tukatengeneza hapa, tukaharibu pale, tukaanza upya. Mwishowe akakaa kimya. Nami nikamtazama yeye, sikutazama kioo.

Akavua miwani. Akasema, "Tosha, baba."

Tulilia, Mheshimiwa Mkuu wa Chuo. Tulilia kilio ambacho hatukukilia makaburini, kwa sababu makaburini kila mmoja alikuwa analia upande wake. Kisha akainuka, akaweka chai, nami nikautuma ule mchoro.

Nimshukuru msimamizi wa mke wangu, aliyeupokea na kuniandikia kwamba hakuna kitu cha kubadilisha. Niwashukuru watahini, ambao sentensi yao moja ilinipa siku ambazo nisingezipata: siku za kukaa karibu na mke wangu nikiwa na kazi ya kufanya badala ya kukaa nikisubiri. Niwashukuru wauguzi waliotuwekea meza ndogo, wakaanza kumwita Profesa kabla ninyi hamjamwita hata Daktari. Na kwenu wahitimu, sina wosia wa maana. Tasnifu iko maktaba. Fungueni ule mchoro wa mwisho. Mimi sijui unasema nini. Najua tu kwamba kila mshale una pa kupita, na kila jina linasomeka, na nani aliyesema imetosha.

Nina ombi moja, halafu nishuke. Utaratibu unasema cheti apokee mume, na ofisi ya sherehe ikaniweka safu ya mbele kabisa. Mama wakamweka kule, safu ya mwisho, karibu na mlango. Kati yangu na yeye kuna ukumbi mzima. Mimi ni fundi, lakini nimefundishwa na bingwa, na nathubutu kusema nafasi hii imezidi. Mheshimiwa, nikiwa mume wake, naomba cheti cha mke wangu kipokewe na aliyemzaa.

Kwa uvumilivu wenu na kwa kunisikiliza nyote hadi hapa, nawashukuru kutoka moyoni.

Mama, njoo mbele. Usiogope macho ya watu. Mpisheni, tafadhali. Sogea, Mama. Sogea kidogo tena.

Hapo. Tosha.