Siku Aliyozaliwa Ndama

Kwenye basi nilikaa nyuma ya wachekeshaji wawili waliokuwa wanakwenda kuchekesha harusini Nyamwaga. Njia nzima hawakucheka hata mara moja. Nadhani kicheko walikuwa wanaitunzia harusi.

"Baba yangu ni fundi cherehani," alisema Hamidu, wa Tarime mjini. "Shati langu la Idi alilishona kwa masalia ya vitambaa vya wateja. Nikipita mtaani, kila mama ananionyesha kipande chake."

Mwenzake, Mogesi, hakumhurumia. "Afadhali wewe ulipimwa. Mimi nilipofuata kitambulisho, baba aliulizwa nilizaliwa lini. Akasema ni siku ileile ng'ombe wetu mwekundu alipozaa ndama dume. Akaeleza saa, mvua ilivyonyesha na rangi ya ndama. Mimi sikutajwa tena."

"Basi leo anza na hiyo."

"Siwezi. Mzee atakuwepo, amekaa na wenzake wa rika lake. Nimcheke mbele yao halafu nirudi nyumbani kwa nani?"

"Mwanangu ana miaka sita, na tayari anawaigizia wageni ninavyokoroma. Nimemkataza?"

"Wewe si Mkurya."

"Kukoroma nako kuna kabila?"

Walikuwa bado wanabishana basi liliposimama Nyamwaga. Mzee mmoja mwenye fimbo alikuwa anasubiri mlangoni. Mogesi alishuka, akainama. "Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mzee alimtazama koti, kisha viatu. "Yule ndama unayemsimulia huko mjini alikuwa jike. Leo usikosee tena."