Fundi wa Printa Aliyepigiwa Simu Mpaka Kitandani

Ndugu, jamaa na marafiki, na ninyi mliokuja kutoka ofisini kwake,

Wasifu huu ulipaswa kusomwa na binamu yetu, mwenye sauti nzuri na maneno laini. Aliuandika, nikausoma, ukaisha ukurasa mmoja na nusu bila kumkera mtu. Nikamwomba aniachie mimi. Mimi ni dada yake marehemu, kwa mama tumezaliwa wawili tu, na kazi yangu ni kushona nguo. Nitafuata utaratibu, kuzaliwa kwanza na kifo mwisho, lakini nina hasira na sitaificha. Yeye aliificha yake miaka yote, na leo tuko hapa.

Kaka yetu alizaliwa Jumatano, tarehe 11 Machi 1964, katika vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Baba alikuwa mpaka rangi wa nyumba, mama alikuwa mshonaji. Cherehani ya mama ilikaa dirishani, na kaka alilazwa chini yake juu ya vipande vya vitambaa. Mama alisimulia kwamba mtoto huyu halali mpaka cherehani ilie, na ikinyamaza tu, macho huyo. Kwa hiyo siku nyingine mama alikanyaga cherehani isiyo na uzi ili apate utulivu wa kukaanga vitunguu kwa mkono mmoja.

Alianza shule ya msingi mwaka 1971. Katika hesabu alikuwa wa kwanza, katika kuimba mwalimu alimwomba afungue mdomo tu bila kutoa sauti. Agosti 1976, kaka akiwa na miaka kumi na miwili, baba alianguka kutoka kwenye ngazi akiwa kazini na kufariki. Nawaomba msikilize vizuri hapa, maana yote yaliyofuata yalianzia hapa. Enzi hizo kibali cha mazishi kiliandikwa kwa mkono mara tatu. Karani aliandika namba 318 kwenye nakala moja na 381 kwenye nyingine, na msimamizi wa makaburi akakataa baba azikwe. Kaka alitumwa kukimbia kati ya ofisi hizo mbili kwa siku nne, kwa miguu, huku wakubwa wakitupiana lawama juu ya kichwa chake. Baba alizikwa siku ya tano. Kaka hakulia kaburini. Alimwuliza mama kwa nini wasiandike zote tatu kwa pigo moja.

Alimaliza sekondari mwaka 1981, akasomea ufundi wa umeme kwa miaka mitatu, na tarehe 2 Februari 1987 akaajiriwa kuwa fundi wa mashine katika ofisi inayotoa vibali vya mazishi. Chumba chake kilikuwa Namba Nne, ghorofa ya chini, mwisho wa korido, mkabala na choo. Mwaka 1991 ililetwa printa ambayo wengi wenu mmeisikia hata kama hamkuiona, ile inayolia mpaka watu dirishani wanakatisha maongezi. Ndani yake kuna sindano ishirini na nne zinazogonga utepe wa wino, na pigo lake linapenya karatasi tatu zilizobanwa pamoja: nyeupe ya familia, ya waridi ya makaburini, ya njano ya ofisi. Printa mpya zinaandika vizuri sana, lakini juu ya karatasi moja tu. Hazigongi. Siku ya kwanza kaka alipoiona ile inafanya kazi, alituita mimi na mama tuje tuisikie. Mama alisimama mlangoni, akasikiliza, akacheka mpaka akashika ukuta. Alisema ndiyo maana mwanawe hasinzii kazini, amerudi chini ya cherehani yake.

Kompyuta za ofisi zilibadilishwa mara tano, printa haikubadilishwa hata mara moja, kwa sababu fomu ni zilezile. Kila kompyuta mpya ilikataa kuitambua. Tundu la waya mpana wa printa lilikuwa limeondolewa, na draiva, yaani ile programu ndogo inayoifundisha kompyuta kuongea na mashine, ilikuwa haitengenezwi tena. Wataalamu waliokuja kuzifunga walisema haiwezekani. Kaka aliwasubiri waondoke, akavua saa yake, akaiweka dirishani, akaanza. Alijaribu nyaya sita za kuunganisha tundu la zamani na jipya mpaka akapata mmoja usiodanganya. Aliwahi kunieleza kwamba kompyuta za siku hizi zina maringo, zinataka kuuchora kila ukurasa kama picha, na printa ile haitaki kuchorewa, inataka kuandikiwa. Basi aliichagulia kompyuta draiva ya herufi tupu, isiyo na mapambo, kisha akahesabu mistari ya fomu mmoja mmoja mpaka jina likaangukia palipo na nafasi ya jina. Katika miaka thelathini na mitano hakuna familia iliyorudishwa kutoka makaburini kwa sababu ya namba. Hakuna cheti kilichotolewa kwa hilo, wala mkono wa pongezi.

Tarehe 3 Septemba 1994 alimwoa wifi yangu, mkunga. Walikutana dirishani, wifi alipofuata kibali cha bibi yake. Alimwambia fundi kwamba mashine yake ina kelele za kuamsha wafu. Kaka akamjibu kwamba ikitokea hivyo ofisi itapunguza foleni. Wifi anasema alicheka siku ambayo hakutaka kucheka, na hakumsamehe mpaka alipokubali kuolewa naye. Walijaliwa watoto watatu.

Mwanzoni mwa 2022 kitengo kilipata mkuu mpya. Yuko pale, safu ya tatu, na shada alilolileta ni zuri. Mkuu alieleza kwamba ofisi inaingia kwenye mfumo wa kisasa na haihitaji tena fundi wa vyombo vya kizamani. Barua ya kumwachisha kazi ilikuwa na aya mbili. Kaka aliikunja, na mwezi wake wa mwisho wote aliutumia kuandika daftari la jalada gumu la buluu, kurasa arobaini na sita, kila hatua ya kuifanya printa ile ikubaliane na kompyuta yoyote. Tarehe 31 Machi alimkabidhi mkuu mbele ya wenzake. Mkuu akasema, "Asante, mzee. Tutaliweka mahali pazuri."

Simu ya kwanza ilipigwa Aprili hiyohiyo, ikafuatwa na nyingine, na nyingine, kwa sababu mfumo wa kisasa ulikuja na fomu ziko palepale. Hakuna aliyefungua daftari. Kwa nini asome mtu, wakati fundi anapatikana kwa kubonyeza? Nilimwambia kaka asipokee. Wifi alimwambia, watoto walimwambia. Niliwahi kumfokea mbele ya wajukuu zake kwamba wamemtupa na bado anawafagilia. Alinitazama tu, akasema, "Dada, anayesubiri pale dirishani si mkuu." Hilo ndilo lililozidi kunichemsha.

Februari 2023 alianza kupungua mwili, na vipimo vikaonyesha uvimbe kwenye ini. Alifanyiwa upasuaji tarehe 14 Juni. Siku hiyo, kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa alasiri, simu yake iliita mara kumi na moja, na zote zilitoka Chumba Namba Nne. Nimezihesabu mwenyewe. Wifi akaificha simu kwenye kabati la mashuka, na siku ya tatu tulimkuta kaka amekaa kitandani, mrija mkononi, anamwelekeza mtu awashe printa kwanza na kompyuta baadaye. Sauti ilikuwa imeshaanza kukauka. Alikuwa anatabasamu, na mimi nilitoka nje nikapiga teke ndoo ya watu.

Alifariki Jumanne, tarehe 7 Novemba 2023, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe. Saa tano na dakika kumi simu ikaita. Wote tuliitazama, nikaipokea mimi. Ilikuwa sauti ya mkuu. Kompyuta mpya ilikuwa imefungwa jana yake, printa imegoma, na alitaka mzee aelekeze kidogo tu. Nikamwambia mzee amefariki. Akasema, "Poleni sana. Samahani, lakini je, aliacha maelekezo yoyote?"

Nilikata simu. Binamu aliniomba niiruke sehemu hii. Sitairuka.

Kaka alihitaji kibali cha mazishi, na kibali kinatoka Chumba Namba Nne. Mwanawe alikwenda Alhamisi akaambiwa printa haitambuliki. Alikwenda Ijumaa, akaambiwa hivyohivyo. Jumatatu wakamwambia wataalamu wanakuja. Jumanne, tarehe 14, nilivaa viatu vya kutembelea nikaenda mwenyewe. Nilipita mlango wa pembeni bila kubisha. Karani wa dirishani, mama mmoja mwenye macho mekundu kwa kutukanwa wiki nzima, hakunizuia. Nilimwuliza liko wapi daftari la buluu. Akatazama chini, akanyoosha kidole. Printa ikigonga hutikisa meza, na meza ile ina mguu mmoja mfupi. Daftari la kaka yangu lilikuwa chini ya mguu huo. Mahali pazuri.

Nililichomoa. Lilikuwa na shimo la duara lililodidimia kwenye jalada, lakini ndani mwandiko ulisomeka. Mimi ni fundi cherehani, kompyuta naijua kwa kuifuta vumbi, kwa hiyo nilisoma kwa sauti na karani akafuata. Zima vyote. Washa printa, subiri ipumue, kisha kompyuta. Chagua draiva ya herufi tupu, usishawishike na ile inayojitokeza yenyewe. Urefu wa ukurasa uhesabu kwa mistari. Kwenye ukurasa wa ishirini na mbili ameandika: "Ikigoma usiipige. Haijakukosea kitu." Karani akaniletea kiti, nikakataa.

Tulipofika mwisho meza ilikuwa haina tena cha kuishikilia, kwa hiyo niliishika mimi kwa mikono miwili na kuikandamiza kwa paja. Karani akabonyeza. Ile mashine ikalia, na nikalisikia kila pigo kwenye viganja vyangu, na jina lililotoka la kwanza, nakala tatu kwa pigo moja, namba moja, lilikuwa la kaka yangu.

Nilikusudia kuondoka na daftari. Nasema kweli mbele yenu wote, nililiweka kwapani na nikawa nimefika mlangoni. Nilitaka wakae na mfumo wao wa kisasa wauone uzuri wake. Lakini nyuma ya dirisha kulikuwa na watu kumi na mmoja, na wa mbele alikuwa mzee ambaye mkewe alikuwa mochwari siku ya tano. Kofia yake ameishika mikononi. Alipoisikia printa alisimama wima. Nilimwona baba yangu anayesubiri kuzikwa, na nikamwona mtoto wa miaka kumi na miwili anakimbia. Nilimkasirikia kaka kuliko nilivyowahi kumkasirikia akiwa hai, kwa sababu alikuwa ameshinda ule ubishi wetu na hakuwepo nimwambie. Nikarudi, nikaliweka daftari mezani, juu, penye kuonekana, nikashika ile meza mpaka vibali vyote kumi na kimoja vikatoka.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, na dada mmoja mwenye mdomo. Ameacha pia saa yake, ambayo karani aliikuta dirishani pa Chumba Namba Nne, ilikokaa tangu siku yake ya mwisho kazini. Amenikabidhi asubuhi ya leo na iko mkononi mwa mwanawe.

Mkuu wa kitengo, juzi ulikuja msibani ukamwuliza wifi yangu kama mmoja wa watoto anaweza kupita ofisini mara mojamoja. Jibu lako ni hili. Daftari mnalo, na limeandikwa kwa lugha anayoielewa hata mshonaji. Lina kurasa arobaini na tano. Lilikuwa na arobaini na sita, ila ule wa mwisho niliuchana pale mezani. Alikuwa ameandika hivi: "Ikishindikana kabisa nipigieni, saa yoyote," na chini yake namba yake ya simu. Aliandika hayo wiki ambayo mlimfukuza. Ukurasa huo nimeukunja mara nne na kuutia kwenye mfuko wa koti alilovaa, anakwenda nao. Simu niliizima mwenyewe kabla jeneza halijafungwa.

Someni, mjifunze. Kaka yetu hapatikani tena. Apumzike kwa amani, na safari hii mwacheni apumzike.